Kushona zawadi za familia katika likizo ya Desemba: uzoefu wangu wa Tanga na Pangani

Salamu kwenu nyote. Dada aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama mama mwenye watoto watatu anaweza kushona mwenyewe zawadi za ndugu wote watakaokutana mwisho wa mwaka, bila likizo ya watoto kumalizika akiwa ameinamia cherehani. Ameeleza kwamba mwaka jana alijaribu, akakamilisha zawadi nne kati ya kumi na moja, na siku zote watoto walikwenda baharini na baba yao huku yeye akibaki nyumbani. Nimekuwa nikishona zawadi za likizo kwa miaka 12 sasa, na mitatu ya mwanzo ilinipita hivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba inawezekana kabisa, ila usianze kwa kujiuliza utashona nini. Anza kwa kutenganisha kazi ya cherehani na kazi ya mkono, kwa sababu ile ya kwanza inakutaka uwe peke yako na akili yako yote, na hii ya pili unaweza kuifanya barazani watu wote wakiwa wamekuzunguka.

Sisi tunaishi Tanga mjini, na shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba tunahamia Pangani kwa mama mkwe wangu mpaka karibu na kufunguliwa Januari. Wakati huo kaskazi imekwisha kushika, na anayeijua kaskazi ya pwani anajua kwamba ikifika saa 5 mchana mikono inatoa jasho kiasi cha kuacha alama kwenye kitambaa cheupe. Ukiwasha feni, kanga nyepesi inahama chini ya mkasi na mstari ulioupiga chaki unapinda. Kwa hiyo kazi yote ya kupima, kukata na kupiga cherehani naifanya kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, feni ikiwa imezimwa na milango yote iko wazi, juu ya sakafu iliyopigwa deki na kukauka. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, haijali umeme ukikatika, na watoto wanaendelea kulala kwa sauti yake kama walivyolala tangu wakiwa wachanga. Saa 3 ikifika nafunika cherehani, hata kama mshono umebaki nusu. Hili la kufunika lilinichukua muda mrefu kulizoea, lakini bila hilo mengine yote ninayoyaeleza hapa hayafanyi kazi.

Jambo la pili linalopanga siku zetu ni bahari yenyewe. Siku za bamvua, yaani baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa 10 alasiri na kupwa karibu na saa 4 asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, maji yakawa yanajaa asubuhi. Kwa hiyo juma la bamvua ndilo juma la kushona, kwa kuwa asubuhi hakuna mtoto anayekosa kuogelea kwa sababu yangu, na alasiri wote tunashuka pwani pamoja. Juma la maji mafu nashika sindano ya mkono tu, na asubuhi naingia majini na wanangu. (Kwa watakaokuja Pangani na watoto wadogo: ogeleeni mbali na mlango wa mto, maana maji yanayotoka yana nguvu kuliko yanavyoonekana.)

Sasa nije kwenye kitambaa. Kwa zawadi za familia napenda kanga kuliko kitenge, na sababu si bei peke yake. Pande moja la kanga lina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110, na limekwisha kuchorwa kwa namna inayomsaidia mshonaji: kuna mji katikati, pindo kuzunguka pande zote nne, na jina, yaani ule msemo wa kanga, lililoandikwa juu kidogo ya pindo la chini. Ukitaka kushona mkoba wa sokoni, mwili wa mkoba unatoka kwenye mji, mishikio inatoka kwenye pindo, na jina linakaa mbele mahali mtu anaposoma. Mimi nakata vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana wa sentimita 44 na urefu wa sentimita 50. Ukiondoa sentimita 2 za mshono kila upande na 2 za chini, na ukikunja sentimita 6 za juu, unapata mkoba wa sentimita 40 kwa 42. Mishikio nakata kwenye pindo, upana wa sentimita 10 na urefu wa 65, naikunja mara nne ili ibaki sentimita 2.5, napiga pasi, kisha napitisha mishono miwili kando kando. Kanga pekee ni nyepesi mno kubeba nazi na mihogo, kwa hiyo ndani naweka marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) au shuka kuukuu lililo bado imara. Sindano ya cherehani namba 14 inatosha kwa mji, lakini ukifika kwenye mishikio badilisha uweke namba 16, maana hapo sindano inapita matabaka mengi kwa pamoja na ndipo huvunjika.

Kabla ya kununua doti ya kushonea mkoba, pima jina. Majina mengine ni marefu kupita upana wa mkoba wowote, na ukikata bila kupima, nusu ya maneno itaingia kwenye mshono. Mkoba wa mtu mzima usomeke vizuri, kwa sababu kwetu sisi maneno ya kanga ni sehemu ya zawadi, na aliyepewa atayasoma kabla hajatazama mshono wako. Nachagua jina fupi, la kheri, lisiloweza kutafsiriwa kuwa ni kijembe. Kwa wifi na kwa mama mkwe uwe mwangalifu zaidi hapo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye foronya. Mwaka wa pili wa kushona nilinunua kanga mpya nyekundu, nikakata siku hiyo hiyo kwa sababu muda ulikuwa umebana, nikashona foronya sita nzuri sana na kumpa mama mkwe. Juma lililofuata alizifua pamoja na mashuka yake meupe, na mashuka yakatoka yakiwa na madoa ya waridi ambayo hayakutoka mpaka leo. Zaidi ya hayo, foronya zenyewe zilikuwa zimejikunja, mito haikuingia tena. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja, na ule ukimya wake ulinifundisha zaidi ya lawama. Tangu hapo hakuna kanga mpya inayokatwa nyumbani kwangu kabla ya kulowekwa usiku kucha katika maji baridi peke yake, kufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe, kisha kuanikwa kivulini na kupigwa pasi. Kanga mpya ina wanga unaoifanya ionekane nzito na iliyonyooka, na wanga ule ukiondoka ndipo unajua kitambaa chako ni kizito kiasi gani na kina urefu gani kwa kweli.

Kazi ya mkono ndiyo iliyonirudishia likizo. Baada ya chakula cha mchana, jua linapokuwa kali na hakuna anayetaka kutoka, mama mkwe anatandika mkeka barazani na kuanza kusuka ukili wake (ule utepe wa majani ya mkindu wa kushonea mikeka), nami naketi upande wa pili na kapu lenye vipande nilivyovipiga cherehani asubuhi. Vifungo, kufunga pindo kwa mkono, kutarizi herufi ya kwanza ya jina la mtoto kwenye leso, kupiga bandi (mshono wa muda wa kushikiza) vipande vya kesho: yote hayo yanafanyika huku mtu anamenya embe, mwingine anasimulia, na mtoto mdogo amelala kwenye mguu wako. Binti yangu wa kwanza alianza kwa kushona vifungo akiwa na miaka 7. Mdogo wake wa kiume akataka naye, shangazi mmoja akaguna, nami nikamkumbusha kwa heshima kwamba mafundi tuliokua tukiwaona wamekaa barazani na cherehani zao walikuwa wanaume, na kwamba kofia za mkono za pwani yetu zimeshonwa na wanaume kwa wanawake. Leo kijana huyo ana miaka 11 na mshono wake wa bandi ni mdogo na ulionyooka kuliko wangu.

Kuhusu sindano mikononi mwa watoto, nina utaratibu ambao sijawahi kuuvunja. Tunaanza na sindano saba, zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, na sabuni hiyo pia inazifanya zipite kitambaani kwa wepesi. Kabla ya mtu yeyote kuinuka mkekani kwenda pwani, mtoto mmoja anahesabu kwa sauti. Zikiwa sita, hakuna anayeondoka. Mara moja tulikaa karibu saa nzima tukipapasa ukili wa mama mkwe, mpaka tukaiona imejichoma kwenye upindo wa gauni la binti yangu mwenyewe.

Dada, zawadi kumi na moja ni nyingi kwa likizo moja, na hasa ukiwa umechagua nguo za mwilini. Nguo inataka vipimo, inataka kujaribiwa, na aliyekonda au kunenepa tangu Idd atakufanya ufumue. Mimi nimebaki na mikoba, foronya, aproni na vitambaa vya kufunikia chakula, ambavyo havimuulizi mtu kiuno chake. Kofia ya mkono isianzwe Desemba kwa matumaini ya kumalizwa Desemba, kwa sababu kila tundu dogo linazungushiwa uzi na kazi hiyo inakula majuma mengi. Kama baba au babu anastahili kofia, ianze mapema katika mwaka, au mpe ahadi na umwoneshe kipande ulichofikia, maana wazee wengi hufurahi kuona kazi ikiendelea.

Zawadi zilizowagusa ndugu zangu kuliko zote sikununua kitambaa chake. Mama yetu alipofariki, nguo zake ziligawiwa kama ilivyo desturi, na mimi nikabaki na doti moja ya buluu yenye jina la "Wema hauozi", aliyokuwa akijifunga jikoni. Kanga kuukuu ina faida kwa mshonaji, kwa kuwa imekwisha kujikunja na kuchuja rangi yote iliyokuwa ya kuchuja. Hata hivyo, ishike mbele ya mwanga wa dirisha kwanza, utaona sehemu zilizochakaa zikipitisha mwanga kama chandarua, na hizo uziepuke. Nilitaka kushona mito mitatu, wa kaka yangu, wa dada yangu na wa mdogo wetu wa mwisho, lakini doti ina pande mbili, kwa hiyo majina yalikuwa mawili tu. Nilikaa na pande hizo magotini mchana mzima bila kukata. Ndipo binti yangu, aliyekuwa akiikunjua kanga ili aione vizuri, akauliza kwa nini pembe moja ina mikunjo isiyokubali pasi. Ilikuwa pembe ambayo mama alizoea kufunga pesa zake. Fundo lilikuwa limefunguliwa siku nyingi, lakini kitambaa kilikuwa bado kimeshika umbo lake, na rangi ilikuwa imekolea ndani ya mikunjo mahali ambapo jua halikufika. Pembe hiyo niliikata bila kuinyoosha, nikaiweka katikati ya uso wa mto wa tatu, nikaishona kwa mkono pembeni tu ili mikunjo ibaki kama ilivyo. Mdogo wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akitumwa dukani kwa pesa za pembe ile, alipoupokea aliweka kidole chake pale pale kabla sijamweleza chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako kwa mwaka huu ni foronya, uanze na mbili tu, bila zipu. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata kipande kimoja chenye upana wa sentimita 42 na urefu wa mita 1, kunja na kushona pindo la sentimita 2.5 katika kila ncha fupi, kisha kizungushe mto kwa upande wa ndani wa kitambaa ukiwa nje, ncha zipandane kwa sentimita 15 nyuma, upige bandi, utoe mto na ushone pande mbili zilizobaki kwa nafasi ya sentimita 1. Asubuhi mbili zinatosha. Na upime kitambaa baada ya kufua, si dukani, kwa sababu vipimo vyote nilivyoviandika hapa ni vya kanga iliyokwisha kuingia majini.