Kulala chumba kimoja na usiowajua kwenye treni ya TAZARA

Ndugu, umeuliza kama dada yako anayesafiri peke yake kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam atalala chumba kimoja na wanaume. Hapana, vyumba hutenganishwa kwa jinsia, isipokuwa mmelipia chumba kizima, chenye vitanda vinne daraja la kwanza au sita daraja la pili. Mimi hupendelea kitanda cha juu, kwa kuwa cha chini huwa benchi la wote, na hapo ndipo mama mmoja aliyepandia Makambako alipomenya viazi vyake vya kuchemsha, akanigawia kabla hata hatujaulizana majina. Dada yako abebe shuka zito, maana baridi ya njiani haina mzaha. Akisikia mlio wa magurudumu umebadilika ghafla usiku, ajue wameingia mahandaki ya kuelekea Mlimba.