Jibu: Mama ana presha, je, aache kayabo?

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama mama, aliyeambiwa apunguze chumvi, aache samaki kabisa, pamoja na kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi nyingi). Hapana, asiache. Sato au sangara mbichi wa mwaloni wana sodiamu kidogo (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha), na dagaa wa ziwa walioanikwa bila chumvi hawana tatizo. Onja mmoja kabla ya kununua.

Kayabo ndiyo yenye kazi, maana chumvi imeingia hadi ndani ya nyama, na kuisuuza tu hakutoshi. Ikate vipande vidogo, iloweke usiku kucha kwenye maji mengi ya baridi, ukiyabadilisha mara 2 au 3. Asubuhi ichemshe dakika 10, umwage maji. Wengi hukosea hapo: wanayafanya mchuzi, chumvi yote inarudi chunguni. Hata ukifanya hivyo hubaki chumvi ya kutosha, kwa hiyo iliwe kwa nadra, na usiongeze chumvi nyingine.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vidonge vimejaa chumvi. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu, ingawa watu hawayahesabu. Loweka maharage usiku badala yake. Ladha itoke kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu.

Chumvi mbadala ya potasiamu usimpe kabla ya kumuuliza daktari, hasa kama figo zake zina shida. Na dawa za presha aendelee nazo kama alivyoandikiwa.