WRX imenoki: tusage krenki au tuvalishe injini nyingine?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003 iliyotoka Japani, injini EJ205 yenye tabo, giaboksi ya manuali. Nikiwa njiani kutoka Dodoma kwenda Arusha ilianza kugonga kila nilipokanyaga mafuta. Taa ya oili haikuwaka hata mara moja. Nilipochomoa dipstiki nikakuta oili iko chini kabisa ya alama; nikaongeza, nikaendesha polepole hadi nyumbani. Fundi mmoja anasema tusage krenki tuweke beringi mpya. Mwingine anasema ninunue injini ya mtumba ya Japani, tena ya Legacy GT, kwa sababu inaingia na ina nguvu zaidi. Gari hili nalipenda, sitaki kuliuza. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya kumchagua fundi, gari lisiwashwe tena hata kwa kulihamisha uani. Kila sekunde injini inapozunguka inasaga vipande vya beringi na kuvipeleka mahali ambapo huenda bado ni pasafi.

Kwanza tuhakikishe ni konrodi inayogonga, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki. Fundi amwage oili kwenye beseni safi, kisha aikate filta na kuikunjua karatasi yake juani. Ukiona unga unaometa rangi ya shaba au fedha, beringi imekwenda. Mlio wa pistoni iliyolegea hauna unga huo, na kwa kawaida husikika injini ikiwa baridi kisha hupungua ikipata moto. Wa konrodi huwa kinyume: injini ikishapata moto na oili ikiwa nyepesi ndipo unaposikika vizuri.

Ukithibitisha, shusha injini, ipasue bloku, fungua kofia za konrodi, kisha uziangalie beringi kwa makini. Hapa pana jibu ambalo wengi hawalitafuti. Nusu ya juu ya beringi ndiyo inayobeba kishindo cha mlipuko. Ikiwa hiyo peke yake imepondeka na ya chini ni nzima, injini ilikuwa inapigwa na mlipuko wa mapema, yaani petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Ikiwa nusu zote mbili zimefutika na chuma kimebadilika rangi kuwa bluu, injini ilikosa oili. Kwa maelezo yako natarajia hili la pili. Usiilaumu taa: swichi yake huiwasha pale tu presha inapokuwa imekaribia kuisha kabisa, na kwenye kona ndefu oili iliyopungua hulala upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), bomba la kufyonza likavuta hewa kwa muda mfupi. Muda huo mfupi, tabo ikiwa imejaa, unatosha kuua beringi. Lichunguze pia bomba lenyewe. Kwenye injini za EJ linajulikana kwa kupasuka pale lilipolehemewa, na likipasuka linavuta hewa hata oili ikiwa imejaa. Ukilirudisha lilivyo, injini mpya itakufa kifo hichohicho.

Sasa hoja ya kusaga krenki. Si wazo baya, lakini lina masharti yake. Shingo ya konrodi kwenye krenki hii ni milimita 52, na Subaru ilitoa beringi nene za kufidia mpaka milimita 0.25. Mkwaruzo ukizidi hapo, krenki hiyo ni chuma chakavu. Fundi mashine lazima aupime mviringo wa shingo kwa maikromita sehemu kadhaa, tena aache ule mzingo mdogo unaounganisha shingo na ukuta wake, maana akiukata mraba krenki itavunjikia hapo. Konrodi iliyogonga nayo usiirudishe. Tundu lake huwa limeshakuwa yai. Na ukimkuta mtu anapiga krenki msasa kwa mkono, au anaweka karatasi ya alumini nyuma ya beringi ili "ikae", chukua vyuma vyako uondoke. Nimeshapokea injini zilizofanyiwa hivyo, na sikupata hata moja ambayo krenki yake iliokoleka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni silinda hedi. Kemshafti za EJ, yaani mihimili inayofungua vali, hazina beringi. Zinazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi. Unga uliotoka kwenye konrodi hufika huko kwa njia ileile ya oili, na hedi ikichanika hapo hakuna beringi ya kubadilisha, inakwenda hedi nzima. Wewe uliendesha hadi nyumbani ikigonga. Kwa hiyo fungua vifuniko vya hedi, toa kofia za kemshafti, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, hesabu ya kusaga krenki imeshavurugika, kwa sababu hedi mbili, krenki, konrodi na kazi ya mashine kwa pamoja vitazidi bei ya injini kamili.

Pia EJ si injini ya kila fundi kuipasua. Bloku yake inagawanyika katikati, kushoto na kulia, na pini za pistoni hutolewa kupitia matundu yaliyo kwenye ncha za bloku kabla ya kuitenganisha. Muulize fundi wako wa kwanza atazitoaje. Asipokuwa na jibu la haraka, hajawahi kuifanya.

Kwa hali uliyoieleza, ningenunua injini ya mtumba. Lakini si ya Legacy GT. Fundi wako wa pili ni mkweli kwamba bolti zinakubali. Shida ni kwamba EJ20X ya Legacy ina AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka) kwenye kemshafti za kuingiza na za kutoa moshi, na throto yake ni ya umeme. Kontroli boksi yako, yaani kompyuta ya injini, haina namna ya kuziamuru kemshafti za kutoa moshi. Utaishia kubadilisha nyaya, tabo na kompyuta, au utaendesha injini nzuri isiyofanya kazi inavyotakiwa. Tafuta EJ205 kama yako. Ya Forester ya tabo ya miaka hiyohiyo iko karibu, ila linganisha throto na AVCS, na uhamishe diski za sensa za krenki na kemshafti kutoka injini yako, kwa sababu idadi ya meno hutofautiana kati ya matoleo.

Injini ikiwa bado dukani, usiridhike na usafi wa nje, huo ni kazi ya mashine ya kuoshea tu. Pima kompresheni: injini hizi za tabo zikiwa nzima hutoa takriban psi 140 hadi 170, na silinda zote nne ziwe karibu sawa. Kisha mwambie muuzaji utafungua sampu kutafuta unga wa beringi kabla ya kulipa yote. Wapo watakaokataa. Nenda duka jingine, hata kama itabidi usubiri kontena lijalo.

Injini ikiwa chini badilisha taimingi belti na rola zake zote, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma. Belti ikikatika kwenye injini hii vali hugongana na pistoni, kwa hiyo hapa si mahali pa kubana pesa. Usihamishe kipozeo cha oili cha zamani, kile kilicho juu ya filta. Ndani yake kuna vijia ambavyo unga umeshajaa na huwezi kuvisafisha ukawa na uhakika. Kinunue kingine. Tabo ya zamani ifunguliwe ikaguliwe, au itumike ile iliyokuja na injini. Na kwenye EJ nyingi zenye AVCS kuna vichujio vidogo ndani ya bolti za mabomba ya oili. Vikiziba tabo hukauka. Vitafute.

Siku ya kuiwasha, toa plagi, zima umeme wa mafuta na koili, zungusha kwa stata hadi geji ya presha ya oili utakayoifunga ionyeshe presha. Hiyo geji iache kwenye dashibodi moja kwa moja, kwa sababu taa umeshaona inavyochelewa.

Kuna la petroli pia. WRX ya Japani ilipangiwa petroli yenye oktani karibu na 100, na ya vituo vyetu kwa kawaida iko chini ya hapo. Kabla hujaikanyaga kwenye barabara kuu, mpelekee mtu mwenye kompyuta ya kusoma kontroli boksi aangalie kama injini inarudisha taimingi nyuma kwa sababu ya ule mlipuko wa mapema, na apunguze presha ya tabo ikibidi. Namba ya injini mpya nayo ipeleke TRA ibadilishwe kwenye kadi ya gari ukiwa bado na risiti ya muuzaji mkononi.