Meza ya Fundi: Woshi kwenye injini ya Dakota

SWALI: Fundi, assalamu alaykum. Naunga modeli ya ndege ya Dakota ya kipimo cha 1/48. Injini nilizipaka rangi ya fedha ya akriliki, kisha nikapitisha woshi nyeusi, ile rangi nyepesi ya kutia kivuli mifereji, niliyoizimua kwa thina ya dukani. Fedha yote imetoka na plastiki imelainika. Nifanyeje? Nami nataka zionekane zimefanya kazi visiwani, karibu na bahari. – Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Thina uliyouziwa ni ya kupakia magari, na hiyo hula plastiki yenyewe, seuze rangi. Ukirudi dukani, sema wataka tapentaini ya rangi za mafuta. Hata hiyo, ijaribu kwanza kwa tone moja kwenye kipande usichokihitaji. Mafuta ya taa achana nayo; huacha utelezi usiokauka upesi.

Injini ulizonazo ziache siku kadhaa plastiki igande. Kama mapezi ya silinda, vile vibati vyembamba vya kupoza injini, bado yanaonekana, zisugue kwa msasa laini, upake fedha upya. Kama yameyeyuka, hakuna dawa.

Fedha ikikauka, paka vanishi ya akriliki inayong'aa, uiache mpaka kesho yake. Usiiruke hatua hii. Juu ya rangi isiyong'aa woshi hutanda na kuacha madoa, lakini juu ya vanishi huteleza yenyewe ikajikusanya kwenye mifereji. Sasa chukua rangi ya mafuta ya tyubu, ile ya wachoraji, nyeusi uliyoichanganya na kahawia, maana nyeusi tupu huiua injini. Izimue mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Usiipake! Gusa tu ncha ya brashi baina ya mapezi, uitazame inavyokimbia. Ikianza kukauka, futa ncha za mapezi kwa kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo wa tapentaini. Siku ya pili chovya brashi kwenye fedha, ifute kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, kisha ipitishe juu juu. Hapo mapezi yatainuka.

Dakota nyingi zina injini aina ya Twin Wasp ya Pratt & Whitney, silinda 14 zilizopangwa duara kwa safu mbili za saba saba. Safu ya nyuma itie giza tu, usiipotezee usiku wako, hakuna atakayeichungulia. Kasha la mbele, lile la kijivu, lataka woshi ya kahawia nyepesi mno, kwenye maungio na vichwa vya bolti basi.

Uchafu nao una mahali pake. Injini ya namna hii ikilala, oili hushuka kwenye silinda za chini. Ndiyo sababu propela huzungushwa kwa mkono kabla ya kuiwasha. Basi madoa ya oili yaweke chini, na huku juu acha pakavu.

Ama hiyo bahari: wengi wakiisikia hukimbilia kutu ya rangi ya chungwa. Vichwa vya silinda ni alumini, na alumini haishiki kutu nyekundu. Shuka bandarini hapo Wete uangalie mashine za boti: chumvi huzitoa unga mweupe. Nukta chache za kijivu cheupe zatosha. Kutu halisi iweke kidogo kwenye mashina ya silinda, maana hayo ni chuma, na ekzosi, bomba la moshi, ipate kahawia iliyoungua. Na kama waipaka rangi za East African Airways, lile shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki, punguza vyote hivyo. Ile ilikuwa ndege ya abiria, na mafundi wake walikuwa na matambara.

SWALI: Fundi, vanishi yangu isiyong'aa imekuwa na ukungu mweupe juu ya injini. Je, ni woshi iliyo chini yake? – Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Sivyo, ni masika. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi ya kopo la kupuliza huunasa ikafanya ukungu. Ngoja mchana mkavu, pulizia tabaka jembamba la vanishi inayong'aa. Mara nyingi ukungu huondoka. Kisha rudia ile isiyong'aa, kidogo kidogo, mbali na dirisha linaloingiza mvua.