"Wanawake waliafiki", na makosa mengine niliyowatangulia

Juzi kijana wetu mmoja kaniletea taarifa ya kijiji niipitie kabla haijafika kwa bosi. Ukurasa wa nne, chini ya picha ya akina mama waliokaa mkekani, kaandika: "Wanawake walishirikishwa kikamilifu na waliafiki mradi." Nikafunga kompyuta, nikaenda kuchemsha chai. Sentensi hiyo naijua. Niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno.

Basi wadogo zangu mlioajiriwa mwaka huu kwenye miradi ya nishati, ninyi wa majiko, wa sola, wa kupeleka nguzo vitongojini, kaeni hapa kidogo. Kuandaa mpango kazi mnanizidi, hilo sibishi. Mengine haya hamjayaona bado.

1. Karatasi ya mahudhurio si kura. Mtu anasaini apate nauli na soda.

2. Mkutano wa saa nne asubuhi ni mkutano wa wanaume na wagonjwa. Wengine wako shambani au kisimani.

3. Wewe mwenyewe kuwa mwanamke hakutoshi. Hili nitalieleza kwa urefu, mnivumilie.

Nilikuwa mhandisi pekee wa kike kwenye timu yetu, na nilijivuna kwelikweli. Kila nikishuka garini na kofia yangu ya kazi, watoto wanapiga kelele "Bi Mhandisi!" Moyoni nikaona suala la jinsia tumelimaliza, si nipo mimi? Tukaenda kijiji kimoja huko Tabora kufanya upembuzi wa gridi ndogo ya sola, yaani mtambo wa jua wa kuhudumia kijiji kimoja. Mkutano ukafanyika chini ya mwembe, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini, nyuma. Nikaeleza: taa, televisheni, kuchaji simu, zahanati. Makofi.

Katikati ya maelezo akaingia bibi mmoja, ndoo ya lita ishirini kichwani, kanga yake nyeupe kwa unga kuanzia kiunoni. Alikuwa ametoka mashine ya dizeli ya kijiji cha jirani, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Akatua ndoo, hakukaa, akauliza: "Mwanangu, huo umeme wenu utasaga?"

Nikamjibu: "Bibi, tuanze na taa kwanza, mambo ya mashine tutayaona awamu ya pili." Mzee mmoja wa benchi la mbele akadakia, "Bibi anataka ugali tu!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, kuliko hata hesabu zilizofuata. Bibi akabeba ndoo yake akaondoka, nami jioni ile gesti nikaandika: wanawake waliafiki.

Tukajenga umeme wa njia moja, ule wa taa na televisheni usiobeba mota kubwa, kijiji kizima. Mnaojua gridi ndogo mmeshaona shimo liko wapi. Mchana watu wako shamba, hakuna anayetumia. Betri zinajaa kabla ya adhuhuri, na jua lote la mchana linapotea bure. Saa moja jioni kila mtu anawasha kwa pamoja. Vibanda umiza viwili vikawa na mpira wa Ulaya usiku, feni, spika, friji ya soda. Saa sita usiku inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, inazima. Mwezi wa tatu nesi wa zahanati akanipigia kuwa amezalisha mama kwa tochi ya simu, simu yenyewe ikiwa na chaji asilimia tisa. Uniti hazikuuzika za kutosha kulipia hata mlinzi, na betri zile, kwa kukamuliwa kila usiku, zikaanza kuchoka mapema.

Ofisi ikaleta mtaalamu wa kutuliza hasara. Akatazama mchoro wa matumizi dakika kumi, akasema: "Hapa mnahitaji mzigo wa mchana, kitu cha kula umeme jua likiwaka. Hamkufikiria mashine ya kusaga?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule bibi alikuwa ametupa jibu la kihandisi, bure, akiwa amesimama na unga kwenye kanga. Jibu lile lingemfaa yeye na lingetufaa sisi. Anayetembea saa nne kwa debe la unga anajua mzigo wa mchana kuliko programu yoyote ya kukokotoa, ila hakuwa na cheo cha kutufanya tumsikilize, na mimi niliyekuwa na cheo nilikuwa nimekaa upande wa wanaocheka. Kuvuta upya umeme wa njia tatu, unaobeba mota ya mashine, kwenye laini moja, pamoja na kifaa cha kuwashia mota taratibu isiangushe mtambo mzima, kulikula pesa ambazo siku ile ya mwembe tungeziokoa. Nilirudi kumwomba radhi. Akaniuliza kusaga debe itakuwa shilingi ngapi.

4. Msidhani ni ushamba wa vijijini. Januari 2024 Azerbaijan ilitangaza kamati ya kuandaa mkutano wa tabianchi wa COP29: watu 28, wote wanaume. Kelele zilipopigwa wakaongezwa wanawake 12. Aliyeongezwa hukuta viti vimeshapangwa. Kwetu, sheria inataka angalau robo ya halmashauri ya kijiji wawe wanawake, nanyi mnaihesabu robo hiyo mnaondoka. Someni na orodha za kamati. Mara nyingi akina mama wote wamerundikwa Huduma za Jamii, na Fedha na Mipango, ambako eneo la mtambo na mchango wa kaya huamuliwa, hamna hata mmoja.

5. Mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kutumia, ifungwe pale ambapo mtu wa kiti cha magurudumu anafika kubonyeza namba. Wafugaji waulizwe kabla hawajahama na mifugo, si kiangazi wakiwa hawapo.

6. Majiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mtabeba majiko mengi sana. Tafadhali, msiyajaribu kwa kuchemsha maji. Songeni ugali. Mimi siku hizi nampa mwiko mwenyekiti wa kamati mwenyewe, mbele ya watu. Mmoja alisonga, jiko jepesi likateleza, sufuria likamkimbia hadi miguuni kwa mtendaji. Akina mama walicheka mpaka wakalala chini, kisha wakasogea mbele na kuanza kutaja kasoro moja moja, na mtendaji akaandika zote. Sikuwahi kupata maoni mengi vile kwa dodoso.

7. Nilikuwa na la saba, nimelisahau. Litanijia mkishakosea.

Yule kijana nilimrudishia taarifa yake na swali moja pembeni: nani alisema hapana? Akakaa kimya siku mbili. Jana kanijia na daftari, anasema kuna mama mmoja alinyoosha mkono mara mbili na muda ukaisha. Je, anaweza kurudi? Nimemwambia mafuta ya gari yapo, aende Alhamisi, afike saa kumi jioni, na akae mkekani.