Chuma cha omena kilitoka wapi?

Dada wa Kisumu, umeuliza: ikiwa ulimwengu ulianza na haidrojeni na heli karibu pekee, chuma kilichomo kwenye omena kimetoka wapi? Kimetoka kwenye nyota. Nyota kubwa huunganisha haidrojeni kuwa heli, heli kuwa kaboni, kisha oksijeni, hivyo hivyo hadi chuma. Hapo hukwama, maana kuunganisha chuma hakutoi nishati tena. Kiini huporomoka, nyota hulipuka. Masalia ya nyota ndogo nayo yakilipuka humwaga chuma kingi. Vumbi hilo huzaa nyota nyingine, na Jua letu, la miaka kama bilioni 4.6, lilirithi humo.

Mimi niko Nakuru, na kinachonigusa zaidi ni fosforasi. Bila hiyo hakuna DNA. Tatizo ni kwamba katika maji mengi kalsiamu huikamata fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, na kuizamisha. Lakini kwenye maziwa ya magadi, kama hili letu, kabonati iliyomo kwenye magadi huiwahi kalsiamu, fosfeti ikabaki huru majini! Ndiyo maana wapo wanasayansi wanaoamini uhai ulianzia kwenye maziwa ya aina hiyo. Si Ziwa Nakuru lenyewe, hili ni changa mno. Uhai una miaka isiyopungua bilioni 3.5 hivi.

Asidi amino, vijenzi vya protini za viumbe hai, nazo si adimu: kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa nazo.