Mawifi watazoea, wewe kimbia

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala, mama wa watoto wawili, aliniandikia: "Dada, nimejiandikisha marathoni ya Moshi. Mawifi wananisema kila siku, eti mwanamke mwenye nyumba yake anakimbia nini? Nishauri."

Mdogo wangu, mimi nilisemwa mpaka nikaitiwa kikao.

Nilianza kwenye klabu ya jogging huku Temeke, zile za Jumamosi alfajiri: fulana za rangi moja, gari la spika mbele, nyimbo mpaka majirani wanaamka. Pale hakuna aliyenigusa. Maneno yalianza nilipoongeza umbali na kutoka peke yangu. Mwanamke akikimbia na kundi anafanya mazoezi. Akikimbia peke yake saa kumi na moja alfajiri, ana lake jambo. Basi mawifi zangu wakakaa, soda zikanunuliwa, ajenda ni taiti yangu. Wifi mkubwa akahitimisha kwamba nikiendelea kizazi kitashuka.

Hilo la kizazi ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu siyo letu hata kidogo. Wazungu waliwatisha wanawake wao kwa hilo hilo. Mwaka 1928, Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800, magazeti yakaandika kwamba walianguka hoi, na mbio hizo zikafutwa kwa wanawake hadi 1960. Mita 800 tu! Mwaka 1966 Bobbi Gibb aliomba kukimbia marathoni ya Boston, Marekani, akajibiwa kwa barua kwamba mwili wa mwanamke hauwezi umbali huo. Akajificha vichakani karibu na mstari wa kuanzia, amevaa kaptula ya kaka yake, akachomoka wanaume walipoanza, na akawaacha wengi nyuma. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo, K. V. Switzer, akapewa namba 261. Mbio zikiendelea, msimamizi Jock Semple akamrukia amnyang'anye ile namba. Picha ipo, itafute, umwone mzee alivyokunja uso. Switzer akamaliza.

Boston iliwaruhusu wanawake rasmi mwaka 1972. Olimpiki ikasubiri hadi 1984, Los Angeles, kuwapa wanawake marathoni, aliposhinda Joan Benoit. Miaka kumi baadaye Tegla Loroupe wa Kenya akashinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Na kwetu? Alphonce Simbu tulimshangilia kwa dhahabu yake ya marathoni kwenye mashindano ya dunia, Tokyo 2025, na alistahili kila kelele. Ila Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, na mtaani kwangu ukitaja jina lake wanakuuliza ni diwani wa wapi.

Sasa ushauri, maana ndicho ulichoniomba. Anza taratibu. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na pale sidiria inapobana. Usipopaka, utakapooga jioni utapiga kelele. Usivae raba mpya siku ya mbio. Kunywa maji vituoni ukisikia kiu, usijilazimishe. Na anza taratibu, narudia, kwa sababu Moshi asubuhi kuna ubaridi mtamu unaokudanganya, halafu kuna kupanda Mweka, kule mlimani.

Mweka nilitembea, sioni aibu kusema. Jua lilishakuwa kali, na vijana wa Arusha walishamaliza, wameoga, wanakula. Kwenye kona moja yenye migomba alikuwa amesimama bibi na ndoo ya maji, akanimwagia kichwani bila kuniuliza, kisha akasema, "Haya, mama, panda." Nikapanda. Nilifika uwanjani wakati wanaanza kushusha mabango, na medali nikavishwa kama wengine. Iko sebuleni, ukutani, juu ya televisheni, mahali ambapo hakuna wifi anayeweza kukaa bila kuiona.

Yule mkubwa juzi kanipigia, anauliza raba nzuri zinapatikana wapi. Nilimwambia aende soko la Karume. Ningeweza kwenda naye kumchagulia, sikutaka.

Mdogo wangu, na wengine mnaonisoma kimyakimya: miguu kakupa Mungu, hakuikabidhi kwa ukoo. Ukisubiri wote wakubali utasubiri hadi magoti yaishe. Pika, ogesha watoto, heshimu wakwe zako, kisha vaa raba utoke. Na mume akiuliza, mwambie aje ashike chupa ya maji, wangu ndivyo alivyoanza, sasa anakimbia kilomita tano na anajisifu kuliko mimi.

Halafu weka mapema nafasi ya kulala. Wiki ile nyumba za wageni Moshi zinajaa na bei zinapanda, na kulala kwenye kiti cha basi halafu ukimbie kilomita 42 sikushauri.